Kisanduku cha Mbele ya Nyumba

Getini, kwenye reli ya zamani
Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, na kama si mzima niambie panauma wapi, maana najua jino lako la nyuma halijawahi kukaa kimya mwezi mzima. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi tu, nikishachemsha chai ya kwanza linasahau. Kuku wazima. Baiskeli za watu zinaendelea kupata pancha, namshukuru Mungu.

Sasa tuyaache hayo. Nina swali. Jumanne iliyopita msichana mmoja alipita mbele ya baraza langu na wanaume wawili wa ofisi yenu. Alivaa kofia ya kijani na buti za mpira, amebeba ngazi. Alikuwa wewe, au ni pacha wako ambaye marehemu dada yangu alisahau kunitajia? Maana nilisimama na birika mkononi nikaita, na yule msichana akageuza uso akatazama mto. Mto una nini? Umeutazama tangu ukiwa hujui kufunga kamba za viatu, na aliyekufundisha kuzifunga ni mimi. Ulipita mlangoni kwangu kama mtu anayepita kwa mdai wake.

Kisha wenzako wakachimba shimo mkabala na baraza, wakasimamisha nguzo na kufunga kisanduku cha kijivu chenye kijicho cheusi, kidogo kama punje ya pilipili manga. Kimeandikwa: "Usiguse. Mali ya Ofisi ya Njia." Kinanitazama mimi na birika langu kutwa. Nikamwuliza yule mnene kazi yake nini, akasema, "Maboresho, mama." Neno hilo nalijua. Walipong'oa reli walisema maboresho. Walipofunga choo cha stesheni walisema maboresho, na watu mpaka leo wanaingia vichakani.

Baraza langu limetokeza kidogo kwenye njia yenu, nalijua hilo, na wewe unalijua zaidi, maana ndiwe uliyenishikia misumari. Kama mmekuja kunipiga picha ili mniondoe, niambie wewe mwenyewe, nisije nikaambiwa na yule mnene.

Usinipigie simu, simu ina watu ndani. Barua hii anakuletea Daktari Koleo, yule daktari wa meno anayekuja na baiskeli kila mwisho wa wiki. Na jino lako mwonyeshe.

Mamako mdogo

*

Mjini
Tarehe 12 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako kwa Daktari Koleo, pamoja na mayai, na yote yalifika mazima isipokuwa moja. Pole na goti. Mimi sijambo, jino linanikumbuka nikinywa maji baridi tu. Sijamwonyesha daktari. Naogopa jina lake.

Ndiyo, nilikuwa mimi. Nisamehe. Nilikusikia ukiniita na sikulala siku ile. Sababu ipo ila siwezi kuiandika, na nakuomba uniamini bila sababu, kama nilivyokuamini wewe uliponipandisha baiskeli ukaniambia nikanyage na nisitazame chini.

Ninachoweza kukuambia ni hiki. Ofisi inaandaa mpango wa kuiboresha njia yote ya reli ya zamani, kuanzia mjini hadi mwisho. Kuna changarawe mpya, mabenchi, mabomba ya maji, vibao na vyoo pia. Kuna na daraja letu, maana mbao zake zimeoza, wewe unajua. Lakini si kila kipande kitapata. Vingine vitatengenezwa na vingine vitaachwa. Mkuu wetu, tunayemwita Mzee Rula kwa sababu hata chai anaikoroga kwa rula, ndiye atakayepeleka mapendekezo kwenye kikao.

Kisanduku usikiogope na usikiguse. Wala usiniulize kazi yake. Tumekatazwa kumwambia mtu yeyote anayeishi karibu nacho. Wewe endelea na kazi zako kama kawaida. Hilo tu ndilo ninaloliomba.

Mwanao

*

Getini
Tarehe 26 Machi

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Sisi huku tupo, mimi na kuku, na goti.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikaisoma hata kwa kuigeuza kwenye mwanga. "Tumekatazwa kumwambia mtu yeyote anayeishi karibu nacho." Anayeishi karibu nacho ni nani, mwanangu? Ni mimi na kenge wa mtoni. Kenge hana baraza.

Tangu uandike, wamekuja watu wengine wawili nisiowajua. Mmoja alipaka alama nyekundu kwenye mbao za daraja, mwingine akapaka moja kwenye kona ya baraza langu, halafu akaniomba chai! Nikampa, lakini sukari nilimnyima. Mtu hapaki nyekundu kitu anachotaka kibaki. Na Mama Filimbi, yule kiongozi wa akina mama wa mazoezi wanaokuja wakikimbia kutoka mjini, ameniambia kuwa mahali fulani visanduku hivyo hivyo viliwekwa, na baada ya miezi michache wenye vibanda wakaletewa barua za kuhama. Hajui mahali penyewe ni wapi, lakini aliyemwambia ni mtu mzima.

Umeniambia nisikiguse. Sawa, sitakigusa. Hata kukipangusa vumbi sitakipangusa. Ila na mimi nina akili zangu, na wateja wangu wananipenda. Jicho lenu litachoka kutazama vumbi.

Hukuniambia kama unakula vizuri.

Mamako mdogo

*

Mjini
Tarehe 20 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo, na natumaini goti limetulia. Samahani kwa kukaa kimya, kazi imenifunika mpaka shingoni.

Leo nina swali moja, nakuomba unijibu kwa ukweli hata kama ni mchungu. Je, watu bado wanapita? Wateja wapo? Zamani kila barua ilikuwa na habari zao, nani kaanguka, nani kanunua baiskeli asiyoiweza, nani kaja na mchumba mpya. Sasa huwataji. Jana Mzee Rula aliniuliza, huku akicheka mbele ya wenzangu, kama kile kipande ng'ambo ya mto ni njia ya watu au ya kenge. Nataka nimpe jibu.

Naanza kushuku kwamba mambo yamekuharibikia na unanificha nisihangaike. Ulinificha hivyo hivyo ulipougua mwaka ule. Niambie tu. Wapo au hawapo?

Mwanao

*

Getini
Tarehe 29 Mei

Kwako wewe wa ofisini,

Hujambo? Mimi sijambo.

Umeuliza kama kuna watu. Hakuna mtu. Hakuna chai inayouzwa hapa, hakuna pancha inayozibwa, wala hakuna anayekaa kwenye baraza kinyume cha sheria. Mkaguzi yeyote akija atakuta mjane na kuku wake. Mwandikie hivyo huyo Rula wako, na umpe barua hii aisome mwenyewe kama ndivyo mlivyopanga, maana maswali yale hayakuwa yako. Mtoto niliyemlea hawezi kuniuliza biashara yangu kama karani wa kodi.

Nimemaliza.

Mwenye nyumba ya getini

*

Mjini
Tarehe 3 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kwa sababu ikikukuta na goti bovu itakuongezea.

Kikao kimefanyika. Daraja halitatengenezwa. Litazibwa kwa mbao kabla ya mwisho wa mwaka, na njia itaishia upande huu wa mto. Benchi la mwisho litawekwa pale penye mti ulioanguka, ili watu wapumzike na kurudi mjini. Kwako hakutafika mtu. Bado sijaruhusiwa kukuambia, lakini nimechoka kuruhusiwa.

Na nikuambie kilichoniuma zaidi. Mzee Rula aliuliza kama kuna mwenye neno kuhusu kipande kile. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, tayari kusimama. Nikakumbuka barua yako. "Hakuna mtu." Nikajiambia, kama mama mdogo mwenyewe anasema hakuna mtu, mimi ni nani nibishe? Nikakaa.

Sina la kuongeza. Nitakuja kukusaidia kufunga vitu.

Mwanao

Baadaye, siku hiyo hiyo

Nimeifungua tena bahasha. Niliipeleka kwa Daktari Koleo na jino likanishinda pale pale, akanilaza kwenye kiti. Nikiwa nimeachama, siwezi kusema hata "ah", akaanza kunichekesha. Akasema, "Mama yako mdogo katufundisha vituko! Tukifika kwenye kona tunashuka, tunazunguka banda la kuku, tunainama chini ya kamba za nguo, tunapita katikati ya maharage, tunatokea jikoni. Wote, hata wale wazee wa matembezi. Anasema mbele kuna jicho la serikali."

Mama mdogo! Mama mdogo wangu!

Kile kisanduku kinahesabu watu. Basi. Hakipigi picha, hakisikii, hakijui baraza ni nini. Mtu akipita mbele yake kinaongeza mmoja. Tumekatazwa kuwaambia wakazi kwa sababu mtu akijua anahesabiwa, anapita mara mbili. Kilikuwa kiwekwe penye mti ulioanguka. Mimi ndiye niliyewashawishi wakiweke mkabala na baraza lako, kwa kuwa najua hakuna mahali pengine kwenye njia nzima watu wanapopita kama hapo. Na niligeuza uso siku ile kwa sababu yeyote mwenye ndugu kwenye kipande anaondolewa kwenye kazi ya kipande hicho. Ningekuitikia, Rula angenitoa, na ungebaki bila mtu wa kukusemea.

Kisanduku kimeshafunguliwa kwenye nguzo na kurudishwa ofisini. Kesho asubuhi namwendea Rula, nimwambie kila kitu, pamoja na kwamba wewe ni mama yangu. Atanifanya atakachonifanya.

Mwanao

*

Getini
Tarehe 13 Julai

Mwanangu, mwanangu,

Hujambo na jino? Mimi usiniulize.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikamalizia nimekaa chini, penye vumbi, na Daktari Koleo alinipepea na kofia yake. Nilikushuku. Nakuandikia neno hilo bila kulizungusha. Nimeishi na kuhamishwa na kuambiwa maboresho mpaka nikaona kila mwenye kofia ya ofisi ni mwizi, na ulipoivaa wewe nikakuweka kwenye kundi hilo hilo. Wewe niliyekubeba mgongoni nikivuka daraja kwa sababu ulikuwa unaogopa mianya ya mbao. Nilikuita wa ofisini. Kila nikilikumbuka nataka kujipiga kofi.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na kulia. Nimefanya kazi. Ile njia ya nyuma nimeimaliza. Nimechukua jembe, nimeilima yote kuanzia kwenye kona hadi mlango wa jikoni, maana ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, imekuwa pana hata mikokoteni miwili ingepishana. Nimeweka mbolea ya kuku, nimepanda miche ya kabichi, nimemwagilia. Huwezi kujua aliwahi kupita hata mtu mmoja. Sasa kila anayekuja nampigia kelele, "Pita mbele! Pita mbele mkahesabiwe!" Wengine wanadhani nimeingiwa na wazimu. Waambie wakirudishe kisanduku, watakuta watu.

Nimefanya vizuri, au sivyo?

Mamako mdogo

*

Mjini
Tarehe 14 Julai

Mama mdogo,

Shikamoo. Hii naituma kwa posta, haiwezi kumngoja daktari. Sijambo, jino limetoka.

Nimemwambia Rula leo, maana alikuwa safarini. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi. Alinihamisha meza palepale, sasa niko kwenye vibao, nachora mishale. Lakini alisema jambo moja: "Maneno ya ndugu si ushahidi. Ila mamia ya watu wakipita nyuma ya nyumba kwa miezi, ardhi lazima iwe na alama. Nikiiona hiyo njia ya nyuma kwa macho yangu, nitarudisha suala kwenye kikao." Atakuja mwenyewe na wenzake wawili, siku yoyote ndani ya mwezi mmoja. Mimi nimekatazwa kuja.

Kwa hiyo nakuomba, kwa kila kilicho baina yetu: ile njia ya nyuma usiiguse. Usiifagie, usiimwagie maji, usianike kitu juu yake. Ndiyo shahidi pekee tuliye naye.

Mwanao

*

Getini
Tarehe 5 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu, na namsalimu hata huyo fundi wa meno aliyekutoa jino na mimi akaniokoa na kuzimia. Goti linauma leo, utaelewa kwa nini.

Barua yako ya posta niliipata miche imeshika. Nililishika jembe nikitaka kuing'oa, kisha nikajiuliza, nikishaing'oa ndiyo njia itarudi? Nikaliacha jembe. Sikukuandikia. Ningekuandikia nini?

Wamekuja juzi. Rula nilimjua kabla hajasema, maana rula imechomoza kwenye mfuko wa shati. Alikuwa na adabu. Akanywa chai, akakoroga kwa hiyo rula, nikamsogezea sukari. Kisha akasema, "Haya mama, tuoneshe hiyo njia ya nyuma."

Nikawapeleka. Kabichi, mwanangu. Kabichi zimejipanga kama watoto wa shule, mbichi, zinang'aa. Wote watatu wakazitazama.

"Njia iko wapi?"

"Iko chini," nikasema. "Nimeilima."

"Umeilima lini?"

"Nilipojua mnaitaka."

Hivyo ndivyo lilivyonitoka, na lilivyotoka nikajua limetoka vibaya. Yule mnene akacheka. Rula hakucheka. Alinitazama kama nilivyozoea kuwatazama wao, na sikuwa na la kumlaumu. Nikaanza kueleza jicho, kamba za nguo, Mama Filimbi na mahali asipopajua, na kila nilivyoeleza nilijisikia mwongo zaidi. Nikamwambia wewe hukujua lolote, kosa lote langu, akurudishe kwenye meza yako hata kama daraja mtaliziba. Akasema, "Hayo ni ya ofisini, mama," akafunga kalamu yake.

Walikuwa wanarudi barazani kuchukua kofia zao tulipoisikia filimbi. Akina mama wa mazoezi, mwanangu! Hawakuwa wamekuja tangu katikati ya Juni, kiongozi wao alikuwa ameteguka mguu, kwa hiyo hawakujua kisanduku kimeondoka wala kwamba nimeanza kuwapigia watu kelele wapite mbele. Wamefika kwenye kona, wameona kofia tatu za kijani barazani kwangu. Mama Filimbi akainua mkono. Wote wakasimama. Kisha wakageuka, wakaingia nyuma ya nyumba.

Sisi tukakimbilia dirisha la jikoni, hata mimi na goti langu. Wanazunguka banda la kuku. Kuku hata hawakusogea, wamewazoea. Wanainama chini ya kamba za nguo, na kamba siku hiyo hazikuwa na hata kitambaa, lakini waliinama. Halafu wakapita kwenye kabichi zangu mmoja nyuma ya mwingine, wamejikunja, wananong'ona "shikamoo mama" walipofika dirishani. Wanawake wazima, na vitambaa vya jasho kichwani. Nyuma yao wakaja wazee wawili wa fimbo, wakaona wenzao wanapita huko, nao wakafuata.

Nilitaka kupiga kelele kwa ajili ya miche yangu, si uongo. Nilijiziba mdomo kwa upande wa kanga.

Rula alitoka nje akamsimamisha mama wa mwisho, mwenye viatu vyekundu. "Mama, mbona mnapita huku na njia iko kule?"

Akamjibu kwa kunong'ona, "Shh. Njia ni hii. Kule kuna jicho."

Yule wa rula akatazama mbele, kwenye ile nguzo tupu yenye matundu ya skrubu. Akatazama kabichi zilizolala. Kisha akarudi barazani, akaomba chai nyingine.

Sasa usifurahi kupita kiasi, maana mimi sifurahi. Daraja hajaahidi. Amesema litasubiri kuzibwa, na kisanduku kitakaa tena mpaka mvua zianze, halafu kikao kitaamua upya. Kuhusu baraza amesema hakuliona. Nikamwambia amelikalia. Akasema hata hivyo hakuliona. Huyo simwelewi bado, na macho yangu yatabaki kwake. Kuhusu wewe, amesema utabaki kwenye vibao mwaka huu, kwa sababu kanuni ni kanuni, ila amesema mishale yako imenyooka.

Kisanduku wamekifunga jana. Nimekipangusa. Watu wote wanapita mbele, na Mama Filimbi anakipungia mkono. Kinachonipa wasiwasi ni mbuzi wa jirani, amepita mara tatu leo, sijui wamemwandika kama nani. Rula asije akasema hesabu yote ni ya mbuzi. Nimemwambia jirani amfunge, ananishuku nina jambo.

Na wewe kazi ya kuhesabu hunayo tena, kwa hiyo huna sababu ya kunitazamia mto. Njoo. Daktari Koleo ana baiskeli ya pili, magurudumu nitayaangalia mimi. Ukifika kwenye kona usishuke, na usizunguke nyuma, kule nimepanda upya. Uvue hiyo kofia, upite mbele, polepole, kikuone vizuri. Nitakuwa barazani na birika. Nitakuita, na safari hii uitike kwa sauti.

Mamako mdogo